Eda ya Mchana Mfupi

Mwaka 1967, majira ya baridi yakianza, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba moja ya Queensbury, kaskazini-magharibi ya London. Nilikuwa nimekaa katika mji huo kwa miaka miwili na miezi minane. Jioni ya Alkhamisi, tarehe 9 Novemba, niliporudi kazini, nilimkuta mwenye nyumba wangu amesimama chini ya ngazi, ameshika telegramu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu kisichokuwa chake.

"Imekuja saa sita," alisema. "Nikusomee?"

"Ahsante, mama. Nasoma mwenyewe."

Telegramu ilitoka Mombasa, kwa ami yake mume wangu. Ilisema kwamba mume wangu amefariki Unguja siku ya Jumatatu, tarehe 6 Novemba, kwa maradhi ya siku tatu, na kwamba amezikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Niliisoma mara mbili. Nilipanda juu, nikavua koti nikalitundika, nikawasha jiko la mafuta ya taa lililokuwa likipasha chumba changu joto, nikakaa kitandani. Nakumbuka kwamba niliiona soksi yangu ya kushoto imetoboka kisiginoni, na kwamba niliishona kabla ya kulala. Sikulia siku hiyo, wala siku iliyofuata. Silielezi jambo hili kama sifa, ndivyo lilivyokuwa.

Mume wangu alibaki Unguja kwa ajili ya mama yake, ambaye baada ya Mapinduzi hakukubali kuondoka katika nyumba aliyozalia watoto wake, na ambaye alikuwa hawezi tena kusimama pasipo kushikwa. Tulikubaliana kwamba mimi nitangulie pamoja na dada yake mkubwa na mume wa dada huyo, nipate kazi na mahali pa kukaa, kisha yeye afuate. Alikuwa karani. Ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika, nikiwa na miaka ishirini na minne na tayari mke wa mtu, na alikuwa hautazami ukurasa wowote wa daftari langu mpaka nimeandika tarehe juu, upande wa kulia. Tabia hiyo imenikaa hata leo, na wanaonijua huidhihaki.

Basi alifariki mbali nami. Sikumpa maji ya mwisho, sikusikia tahlili yake, sikuona lilipo kaburi. Kati ya haki zote ambazo mke humtimizia mume aliyemtangulia, ilinibakia moja tu iliyokuwa katika uwezo wangu, nayo ni eda: miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi, tangu siku aliyokufa. Mwanamke akaaye eda, ambaye kwetu huitwa kizuka, hatoki nje ila kwa haja, halali penginepo, hajipambi, hajitii manukato. Niliazimia kuikaa eda ile kamili, isiwe na dosari ambayo mtu yeyote angeweza kuitaja, ndugu zake au malaika. Sikuwa na nia nyingine yoyote katika majira yale ya baridi. Nilikula kwa sababu ya nia hiyo, na nililala kwa sababu hiyo.

Mwenye nyumba alilipokea jambo lile kwa namna yake. Alikuwa Mhindu wa Unguja, mjane, aliyewahi kuwa na duka la vitambaa Mkunazini. Alizaliwa huko, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa mjini hasa. Asubuhi na jioni alikuwa akichoma vijiti vya ubani mbele ya sanamu zake, na moshi wake ulipanda ngazi mpaka kwangu. Siku ya tatu nilimwomba, kwa adabu, asichome.

"Hii ni ya mungu wangu," alinijibu. "Mimi sikupambi wewe."

"Najua, mama. Lakini inanukia, na mimi nimo ndani ya eda."

"Mpaka lini?"

"Mpaka katikati ya Machi."

"Machi hii inayokuja?" Alicheka, akajishika kiuno. "Nyinyi mnamaliza upesi! Mimi huu mwaka wa kumi na tisa, na bado sijaambiwa basi." Kisha alizihamishia sanamu zake jikoni, akaufunga mlango wa jikoni, na tangu siku hiyo akala chakula chenye moshi wa ubani bila kunung'unika mbele yangu.

Kazi yangu ilikuwa katika chumba cha mashuka cha hospitali moja, mwendo wa dakika arobaini kwa basi. Tulikuwa tukikagua mashuka yaliyotoka kufuliwa, tukitia viraka yaliyochanika, na kuyapanga kwa wodi. Chumba kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha, na taa zake hazikuzimwa. Msimamizi wetu, Mwingereza wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, alinipa ruhusa ya siku kadhaa za msiba, mwisho wake Jumapili tarehe 26 Novemba. Baada ya hapo ningerudi kazini au nisingekuwa na kazi. Na bila kazi sikuwa na chumba, na bila chumba sikuwa na pa kukalia eda. Kwa hiyo niliandika Mombasa kwa ami yake marehemu, ambaye alikuwa amesomesha dini umri wake wote, na ambaye neno lake katika ukoo ule halikuwa na neno baada yake.

Jibu lilifika Jumatano, tarehe 22 Novemba. Aliandika kwa hati nzuri sana. Baada ya rambirambi alisema: "Toka kwa haja ya riziki, kwa kuwa huna wa kukulisha. Utoke mchana. Saa kumi na mbili ya jioni ikukute ndani ya nyumba yako." Tena akanitajia kwamba marehemu alifariki tarehe tatu Shaabani, na kwamba eda yangu itatimia tarehe kumi na tatu Mfunguo Tatu, yaani 13 Machi. Nilishukuru kupata amri yenye saa ndani yake. Mtu aliye katika hali niliyokuwa nayo huipenda saa. Humwondolea kazi ya kuamua.

Nilirudi kazini tarehe 27. Nilianza saa mbili na nusu ya asubuhi, nikatoka saa kumi na nusu, na kwa msongamano wa jioni, saa kumi na moja na nusu nilikuwa mlangoni, bado nusu saa. Kila siku nilitazama saa ya ukutani ya mwenye nyumba, nikaridhika. Njiani taa za barabarani zilikuwa zimewaka, madirisha ya basi yalikuwa meusi, na abiria wenzangu walikaa wameziinua kola za makoti hadi masikioni. Niliyaona yote hayo, na sikuyaona. Kwetu jua huzama saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi, likizidi au kupungua dakika chache. Nilikuwa nimeishi zaidi ya miaka thelathini katika hesabu hiyo, na barua ya ami ilikuwa imeandikwa ndani ya hesabu hiyo hiyo. Saa ilisema bado, na mimi nikaamini saa.

Ramadhani iliingia Jumapili, tarehe 3 Desemba. Nilifunga. Wifi yangu, yaani yule dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amenitumia kwa posta karatasi ya nyakati za sala za London, na mimi niliibandika ndani ya mlango wa kabati langu kazini. Ulipofika wakati wake, nilikwenda nyuma ya rafu za mablanketi, nikafungua kinywa kwa tende mbili na maji, kisha nikarudi kwenye cherehani. Siku tano nilifanya hivyo.

Ijumaa, tarehe 8 Desemba, niliporudi nilimkuta wifi amekaa sebuleni na mwenye nyumba, mbele yao sahani ya sambusa za viazi. Wifi alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, mrefu, mwenye sauti nzito. Alikuwa akisomesha wanawake Kurani Unguja, na ndiye aliyemlea marehemu tangu akinyonya, kwa sababu mama yao alikuwa mgonjwa. Aliishi ng'ambo ya pili ya London, safari ya mabasi mawili na treni moja. Hakuwa amekuja tangu siku ya nne ya msiba.

"Salaam alaykum, wifi," nilisema.

"Alaykumu salaam. Unatoka wapi?"

"Kazini."

"Saa hizi?"

"Saa kumi na moja na nusu, wifi. Bado nusu saa."

"Nusu saa ya nini?"

"Ya kufika saa kumi na mbili. Ami ameandika."

Aligeuka akatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila giza na sura zetu wenyewe katika kioo.

"Mimi nimefuturu zamani," alisema. "Nimekula sambusa za mama huyu, nimeswali, nimekunywa chai vikombe viwili. Wewe umefuturia wapi?"

"Kazini."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika hamsini na tatu."

"Kwa nini hukungoja saa kumi na mbili?"

Nilifungua kinywa kumjibu, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilikaa kwenye kiti cha karibu, koti likiwa bado mwilini.

"Jua la futari limekuchwa," wifi aliendelea, "na jua la eda bado linawaka? Mna majua mangapi huku Queensbury?"

"Amri ilikuwa saa kumi na mbili," nilisema.

"Amri ilikuwa magharibi! Ami yu Mombasa, atajua wapi kwamba huku jua linakwenda kulala mapema kama kuku? Wewe unajua. Umelipima kwa tende. Siku ngapi?"

"Kumi."

"Siku kumi kizuka wa ndugu yangu amezurura gizani!"

"Hakuzurura, dada," mwenye nyumba aliingilia. "Alikuwa amekaa kwenye basi. Nami nakwambia, basi lile halizururi, linatambaa."

Wifi hakucheka. Alisema kwamba eda imevunjika, na kwamba njia iliyobaki ni kuianza upya kuanzia siku ile. Alisema kwa upole kuliko alivyosema mengine yote, na upole huo ndio ulionichoma, ikiwa kuna kitu kilichonichoma wakati ule.

Nilimjibu kwamba sitaianza upya kwa neno lake wala kwa neno langu. Eda ilihesabiwa tangu tarehe 6 Novemba, siku aliyokufa mtu. Sikuweza kuihamisha siku hiyo. Wifi alisema kwamba elimu haishindani na ubishi. Nilisema basi aulizwe mwenye elimu. Tuliafikiana juu ya hilo tu. Wifi alilala kwangu, na kesho yake, Jumamosi, niliandika barua moja yenye sehemu mbili: sehemu ya kwanza nilieleza nilivyofanya, kwa tarehe na saa, sehemu ya pili niliandika maneno ya wifi kama alivyoyatamka, ikiwa ni pamoja na lile la kuzurura, ambalo alitaka lifutwe nami nikakataa kulifuta. Tulitia saini zetu wote wawili, na tukaahidiana kwamba jibu likija tutalisoma pamoja na kulikubali, lolote litakalokuwa.

Jumatatu, tarehe 11 Desemba, nilimwendea msimamizi kabla hajavua kofia yake.

"Naomba kubadilishiwa saa za kazi, bibi. Naomba niwe nyumbani kabla jua halijazama."

"Mwanangu," alisema, "hapa jua huzama wakati wa chai."

"Ndiyo sababu naomba, bibi."

"Na lisipotoka kabisa? Maana kuna siku halitoki."

"Ninayo karatasi."

Alinifuata hadi kwenye kabati, akavaa miwani yake, akaisoma karatasi ya wifi safu kwa safu, huku kidole kikishuka. "Dakika kwa dakika," alisema. "Hata redio haitupi hivi." Kisha akaniuliza ni kwa muda gani, nikamwambia hadi tarehe 13 Machi. Hakuuliza zaidi. Mwenzetu mmoja, mwanamke wa Ayalandi aliyekuwa akianza kazi saa moja asubuhi na kumaliza saa tisa, alisema kutoka nyuma ya lundo la foronya: "Chukua zangu, dada. Miaka sita naamka kabla ya muuza maziwa. Nilidhani nitakufa bila kujua watu wengine huamka vipi."

Hivyo ndivyo nilivyoyajua majira ya baridi ya mji ule. Nilitoka saa kumi na mbili na robo ya asubuhi, alfajiri ikiwa imekwisha kuingia kwa mujibu wa karatasi, ingawa kwa macho ulikuwa usiku mtupu. Nilingoja basi pamoja na wanaume wawili ambao hawakusema neno wala kwangu wala baina yao. Nilishuka chini ya ardhi kabla ya mapambazuko. Nilitoka saa tisa, mwanga ukiwa tayari unajikusanya kuondoka. Saa tisa na dakika arobaini na tano nilikuwa mlangoni, na dakika nane baadaye ulikuwa usiku tena. Mchana wote niliouona nje ulikuwa ule wa safari ya basi. Vidole vyangu vilikuwa na ganzi asubuhi, na ganzi ile haikuondoka nilipoingia ndani. Nilishona nayo, nikala nayo. Nilijifunza kuvaa soksi mbili mbili, kulala na chupa ya maji ya moto, kupekua gazeti la jana kabla ya kulitia ndani ya viatu. Nilijifunza kusema kwamba baridi leo ni afadhali. Sikukumbuka sura ya mume wangu katika wiki zile. Nilijaribu, na kilichonijia kilikuwa ni hati yake tu.

Idi ilipita wiki ya kwanza ya Januari. Sikuvaa jipya wala sikutoka. Mwenye nyumba aliniletea biriani ya mboga aliyoipika mwenyewe, akasema hajui kama ndivyo ipikwavyo.

Jibu la ami halikuja.

Jumanne, tarehe 9 Januari 1968, theluji ilianguka tangu asubuhi. Nilipotoka kazini ilikuwa imefika juu ya vifundo vya miguu. Basi lilikwenda robo tatu ya njia, likasimama kwenye mwinuko, magurudumu yakizunguka pale pale. Magharibi ya siku ile ilikuwa saa kumi na dakika kumi na moja. Nilingoja dakika ishirini, kisha nikashuka nikaenda kwa miguu. Nilianguka mara mbili. Katika mteremko wa pili mzee mmoja alinishika mkono bila kuniuliza, akanivusha barabara, akanyanyua kofia yake na kwenda zake. Mbingu na ardhi zilikuwa za rangi moja, na hapakuwa na jua la kutazama; nilikuwa na saa ya mkono tu. Nilipoligusa komeo la mlango ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

"Dakika tisa," nilimwambia mwenye nyumba.

"Nani aliziona?" alisema, akinikung'uta theluji mabegani kwa ufagio wa jikoni. "Mimi saa yangu haiendi sawa, kila mtu anajua. Wifi yako akiniuliza nitasema ulirudi ukakuta chai bado haijachemka."

"Usiseme hivyo, mama."

"Uongo ni wangu, dada. Wewe hasara yako nini?"

Nilikaa mezani na viatu vyangu vilivyolowa, nikaandika barua mbili, moja ya Mombasa na moja ya wifi, na katika zote mbili nikaandika: tarehe 9 Januari, dakika tisa.

Wifi alikuja Jumapili, tarehe 14. Theluji ilikuwa imekwisha kuwa tope. Alipanda hadi chumbani kwangu, akakaa kitandani, akatoa barua yangu katika mkoba.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza. "Nisingejua."

"Ndiyo sababu nimekwambia."

Aliirudisha barua mkobani. Jiko la mafuta lilikuwa likitoa mlio wake mdogo. Kisha alisema, bila kunitazama: "Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha. Tangu ana siku saba. Nilimwosha mpaka akakataa, akasema amekuwa mkubwa, ana miaka sita." Akaufunga mkoba. "Sijui nani amemwosha huko."

Nilimwambia kwamba mimi pia sijui. Alipoinuka aliviona viatu vyangu, vikiwa bado vibichi tangu Jumanne. Akavichukua, akavijaza vipande vya gazeti, kwa nguvu, mpaka kwenye vidole, akavipanga kando ya jiko. Lakini alipofika mlangoni alisema, "Mimi bado nasema imevunjika," nami nikasema, "Najua, wifi."

Januari ilimalizika, na bado hapakuwa na barua. Katika karatasi yangu nilikuwa na hesabu mbili, moja ikiishia tarehe 13 Machi, nyingine, ya wifi, ikiishia katikati ya Aprili. Kila siku nilitia alama katika zote mbili. Sikujua nimo katika ipi.

Jumapili, tarehe 18 Februari, saa za nchi nzima zilisogezwa mbele kwa saa moja, mapema kuliko ilivyokuwa desturi. Ilinilazimu kurudi katika zamu yangu ya zamani, kwa maana sasa saa kumi na mbili na robo ya asubuhi alfajiri ilikuwa bado. Mwanamke wa Ayalandi alilalamika kwamba nimemwonjesha usingizi kisha nimemnyang'anya. Jioni ya kwanza nilifika nyumbani saa kumi na moja na nusu, jua likiwa bado juu ya mapaa, jekundu, halina joto. Nilisimama sebuleni nikiitazama saa ya mwenye nyumba mpaka ikafika kumi na mbili. Nje palikuwa bado na mwanga. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba, maneno ya ami yalikuwa sawa.

Barua yake ilifika Jumatatu, tarehe 4 Machi. Niliiweka juu ya kabati bila kuifungua, kwa kuwa tuliahidiana kuisoma pamoja, nikampelekea wifi habari. Jibu lake lilisema atakuja Jumamosi. Siku tano barua ile ilikaa pale. Mwenye nyumba alikuwa akipanda ngazi kila jioni kuitazama.

"Ifungue, dada. Ifungue kidogo tu, kwa mvuke. Mimi najua kufanya."

"Hapana, mama."

"Basi iinue kwenye taa! Mtu akiwa na moyo kama wako si afadhali awe askari jela?"

Jumamosi, tarehe 9 Machi, wifi alifika kabla ya adhuhuri. Nilimpa barua aifungue yeye. Alivaa miwani, akaisoma kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akisoma darasani.

Ami aliomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa mgonjwa wa kifua wiki nyingi, na mkono haukuweza kushika kalamu. Kisha alisema: "Eda ni siku, na siku hupita, mwanamke akiwa amekaa au amesimama. Mwenye kukosea ndani yake hutubu, lakini haanzi upya; eda haihami kutoka siku aliyokufa mtu. Hili ni la kwanza. La pili, kosa la saa si lake. Mimi ndiye niliyeandika saa kumi na mbili, kama mtu aliyekaa Mombasa umri wake wote akadhani jua ni la Mombasa. Kalamu ni yangu na dhambi, ikiwapo, ni yangu. La tatu, dakika tisa za theluji. Theluji sijapata kuiona, na sina la kusema juu yake, ila kwamba aliyetembea ndani yake amefanya aliloweza. Eda itatimia kwa magharibi ya tarehe 13 Mfunguo Tatu, nayo iwe magharibi ya huko mliko."

Wifi aliikunja barua katika mikunjo yake ya asili. Akaifungua tena, akaisoma kimya, midomo ikitikisika. Kisha akaanza kulia, kwa sauti, kama walivyolia wanawake kwetu siku ya kwanza ya msiba. Miezi minne alikuwa amekichukua kilio kile na hakuwa amepata mahali pa kukiweka. Nilimshika mabega. Mwenye nyumba alisimama mlangoni, akajifuta macho kwa ncha ya sari. Mimi niliyahisi mabega ya wifi chini ya mikono yangu, na uzito wake, na sikuhisi kitu kingine.

"Nilitaka ivunjike," aliniambia alipotulia. "Ingeanza upya, na yeye angekuwa hajakwenda sana."

Jumatano, tarehe 13 Machi 1968, niliomba ruhusa ya nusu siku. Wifi alikuja na kapu. Karatasi ilisema jua litazama saa moja na dakika mbili ya usiku, kwa saa mpya. Tulikaa watatu sebuleni mpaka ilipofika. Wifi akangoja dakika tatu zaidi kwa tahadhari. Kisha aliniingiza bafuni, akaniosha kwa mikono yake, kichwa, mabega, mgongo, miguu, akinisomea aliyonisomea. Maji yalikuwa ya moto kupita kiasi, nami sikumwambia. Alinipaka mafuta, akanisuka nywele mikia miwili, akanivika gauni jipya la kijani ambalo alilishona mwenyewe na ambalo lilinipwaya, kwani alinipimia mwili wa mwaka uliopita.

Tuliporudi sebuleni alimwita mwenye nyumba, akasimama wima mbele yake.

"Mama, wewe ni shahidi. Mke wa ndugu yangu amemaliza eda yake, siku zake zote. Haikupungua hata moja."

"Nashuhudia," alisema mwenye nyumba. "Zote. Nilikuwa nazihesabu na mimi."

Wifi alisema kwamba sasa lazima nitoke nje, hatua chache tu, kwa kuwa ndivyo ifanywavyo. Tulivaa makoti, tukatoka watatu. Usiku ulikuwa umekwisha kuingia. Hatukuwa na nyumba ya jamaa wa kumwendea, wala jirani wa kumwamkia, kwa hiyo tulifuata barabara hadi ilipofika kituo cha basi, tukasimama pale. Basi lilikuja, likasimama, kondakta akainama kwenye ngazi yake akituangalia mmoja mmoja.

"Mnakwenda wapi, kina mama?" aliuliza.

Wifi alinigeukia mimi, kama kwamba jibu lilikuwa langu. Nilifikiri kweli, nilipitisha akilini kila mahali nilipopajua katika mji ule.

"Hatuendi popote," nilisema.

Kondakta akapiga kengele mara mbili, basi likaondoka.